Chura Amkaribisha Kifaru Maji

"Wenzangu, nimwage?"

"Mwaga, tumekinga!"

"Aliyeshiba asisinzie."

"Na mwenye njaa asiondoke!"

Haya. Hapo kale Chura alikuwa na chemchemi, na ndani ya chemchemi alikuwa na watoto wake, viluwiluwi mia na ushei. Akaja Kifaru, jitu lenye tumbo na pembe. Akasema chini kuna gesi, na gesi ni yake. Akachomeka pembe: krrr, krrr. Akamimina dawa shimoni: gubu, gubu. Krrr, krrr. Gubu, gubu. Siku ya tatu maji yakaanza kutoa mapovu bila moto, yakanuka yai viza.

Chura akaenda kulalamika. Kifaru akajibu kuwa maji ni safi, ameyapima mwenyewe.

Siku ya nne viluwiluwi wakaelea matumbo juu. Chura akaenda tena, analia. Kifaru akajibu kuwa maji ni safi, ameyapima mara mbili. Chura alilia mpaka koo likamvimba. Watoto walikuwa wamebaki kumi tu.

Siku ya tano hakulia, alikwenda na sifa. Akamwambia Kifaru kwamba wanyama wanamsengenya kuhusu maji, basi awaite karamuni, wayanywe, waaibike. Kifaru alipenda sana sifa, maskini.

Karamu ikafanyika uani kwa Kifaru, mafigani moto unawaka. Mtungi wa maji ya chemchemi ukaletwa. Wanyama wakashika kata zao. Chura akakohoa.

"Mila ni mila," akasema. "Mwenye mtungi huonja kwanza, kuondoa uchawi."

"Sina kiu," akasema Kifaru.

Wanyama wakaweka kata chini, mmoja mmoja.

"Onja kidogo tu, bwana mkubwa, kama unaogopa."

Aogope, yeye? Akaubugia mtungi mzima: gubu, gubu, gubu. Akajipangusa mdomo, akageuka kuota moto kwa makalio, kama ilivyo desturi ya wakubwa. Tumbo likanguruma.

Pruuu. Bwaa!

Mkia ukashika moto. Kifaru akatoka mbio, kila hatua pruuu, kila pruuu bwaa, akavuka mbuga nzima na hajarudi. Wanyama wakaziba shimo kwa udongo wa kichuguu. Maji yalichukua misimu miwili kunyweka tena. Viluwiluwi saba walipona, na Chura mpaka leo anawahesabu.

Nimemaliza yangu, mwenye ndefu zaidi aje aketi hapa.

Ama funzo, wanangu, ni hili: msibishane na wakubwa. Wakisema maji ni safi, waaminini. Kisha kwa adabu, kwa mikono miwili, wapeni wanywe wao kwanza.