Sahani ya Hamu

Hapo zamani, usiku wa manane, mji wa Kivumba ulisikia kacha! kacha! za sahani zikivunjwa jumbani, naye Mize, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe wa kwanza, akajishika kifua, maana mumewe Ngwali ndiye aliyekuwa mpishi wa Sultani. Kulipokucha akaletewa habari: Sultani hana tena hamu ya kula, Ngwali yu kifungoni, na jua likitua bila ya kuletwa hamu katika sahani, hamu yenyewe, si chakula wala dawa, atakatwa mkono wa kupikia.

Basi Mize akambeba mtoto mgongoni, akatwaa sahani, akaifunika kawa, akaenda jumbani hadi mbele ya Sultani.

"Nimeileta, Bwana wangu, imo humu, ila ina masharti, nami usinikasirikie, sikuyaweka mimi: haifunuliwi na mtu mkavu, yataka jasho, jasho lenyewe la kukuna nazi saba, na watu wote watoke, maana hamu ina haya."

"Mimi! Nikalie mbuzi ya kukunia nazi?"

"Au nirudi nayo nyumbani, Bwana?"

Sultani, ambaye hata kilemba alifungiwa, akawatoa watu wote, akashuka naye jikoni, akaikalia mbuzi, akakuna. Nazi ya pili akavua joho, ya nne akamwita Mola wake, na huku Mize kainjika vyungu, wali huku, papa kule, anakamua tui, anatia ndimu na pilipili mbichi, harufu ikajaa jiko zima. Ikawa ya saba ilipokwisha, Sultani akairukia sahani, akaifunua.

"Tupu! Ewe mwanamke, wanicheza shere?"

 Kabla Mize hajajibu, tumbo la Sultani likanguruma, ngurumo ndefu, kama gogo linaloburutwa.

"Hiyo, Bwana wangu! Umefunua, imeruka, imekuingia. Isikilize, yasema!"

Sultani akalitazama tumbo lake, kisha akacheka hata akaketi sakafuni. "Basi sahani i tupu, yangoja nini? Pakua!"

Akala, akaongezwa, akakomba chungu kwa kidole. Ngwali akafunguliwa na mkono wake mzima, na Mize akapewa ng'ombe wa maziwa.

"Lakini Mize," Sultani akanong'ona, "ile mbuzi... watu wakijua?"

"Aa, Bwana wangu! Ngwali nitamwambia, maana ni mume wangu, na mtoto huyu kaona kwa macho yake. Zaidi ya hao, wallahi, simwambii mtu mwingine."