Kitambaa cha Mama Mwadime

Kipozacho hakifunikwi.

Mmeisikia leo matangani, na tangu turudi hamjaniacha hata nivue viatu. Nyanya, maana yake nini? Nyanya, nani aliisema? Haya, kaeni. Wakesho, weka hiyo simu kando. Mlikuwa mmemzunguka yule mama aliyefiwa na binti yake, mnamwambia nyamaza, usilie, jikaze, ndipo wapishi wakawajibu hivyo. Mkanuna kama mliotukanwa. Hakuna aliyewatukana.

Methali hii ilianza hivi.

Ilianza hapa hapa Wundanyi, na chanzo chake ni gari. Cheka tu, lakini si kila methali ilitungwa na watu waliovaa ngozi.

Jirani yangu Mzee Nyambu na mkewe Mkamburi walijaliwa mtoto mmoja tu, Mwadime. Kwa desturi yetu, tangu siku aliyozaliwa mke akawa Mama Mwadime na mume Baba Mwadime, na hata wao wenyewe waliitana hivyo. Kijana akakua, akanunua gari dogo la otomatiki, akawa anashusha kabichi Mwatate. Kisha akaugua kifua. Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Jamani, nyumba ile ilinyamaza. Hakuna aliyetoa amri, lakini jina la mtoto halikutajwa tena. Baba Mwadime akawa "mzee" na Mama Mwadime akawa "wewe". Mkamburi alikuwa hodari wa kufuma vitambaa, vile vya kutandika kwenye viti, meza na redio. Akafuma kimoja cheupe, akaifunika picha ya mwanawe ukutani. Mumewe alikiona, akatoka nje. Kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake.

Likabaki lile gari. Mzee akajifunza kuliendesha uzeeni, na kila siku ya soko alimpeleka mkewe Mwatate. Kushuka hakukuwa na neno. Shida ilikuwa kupanda mlima wa kurudi huku kwetu. Jua likiwa kali, giaboksi ilichemka, harufu ya kuungua ikatoka, injini ikanguruma na gari lisisogee. Wakawa wanashuka na kusubiri lipoe, huku wapita njia wakiwapa pole. Siku moja mzee akachoka, akasema, "Likinifia tena mlimani, naliuza."

Mkamburi aliniambia baadaye, tukichambua mchicha, kwamba aliona wanakwenda kumzika mwanawe mara ya pili. Lakini angemwambiaje mumewe, na jina halitajwi?

Mzee mwenyewe hakutaka kuliuza, ule ulikuwa ukali wa mdomo tu. Alimwendea fundi mmoja kule Voi, akaelezwa kwamba oili ya giaboksi inazidiwa na joto la mlima, inahitaji rejeta yake ndogo ya kuipoza. Fundi akasema ataifunga mwenyewe.

"Hapana," akasema mzee. "Gari hili haliguswi na mkono mwingine."

Alikuwa ametengeneza baiskeli maisha yake yote, kwa hiyo spana hazikumtisha. Alilala chini ya gari kutwa nzima, tukawa tunaona miguu tu. Ile rejeta ndogo akaifunga mbele ya ile kubwa ya injini, nyuma ya wavu wa mdomo wa gari, mahali panapopigwa na upepo gari likienda. Akaunganisha mipira miwili: oili itoke kwenye giaboksi ikiwa moto, ipite katika vijibomba vya ile rejeta, ipigwe na upepo, irudi imepoa. Akakaza klipu, akaongeza oili, akawasha injini na kuchungulia chini. Halikudondoka hata tone. Akamwita mkewe.

"Tazama," akamwambia. "Hiki ndicho kitakachotupandisha mlima."

Hakueleza zaidi, wanaume mnawajua. Mkamburi akakitazama kile kitu kipya, vibati vyake vyembamba kama karatasi, akakumbuka vumbi na kokoto za njia yetu. Ikiwa hiki ndicho kitakachofanya gari lisiuzwe, basi lazima kitunzwe. Na yeye alijua njia moja tu ya kutunza kitu. Akakifumia kitambaa, kizito, cha nyuzi za sufu. Asubuhi ya soko, mzee akiwa ananyoa ndevu, alifungua boneti, akakivisha kile kirejeta, akafunga kamba zake vizuri, akajiendea zake kimya.

Wakashuka salama. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, ikaja ile harufu. Injini ikanguruma, gari likagoma.

"Basi," akasema mzee. Sauti yake haikuwa hata na hasira. "Nimejaribu. Naliuza."

Akashuka, akafungua boneti. Yesu wangu! Akakiona kitambaa.

"Nani ameziba hapa?"

"Ni mimi," akasema Mkamburi. "Niliogopa vumbi litakiharibu."

"Wewe! Kazi yake ni kupigwa na upepo! Ukikivisha nguo kitapoza vipi? Kipozacho hakifunikwi!"

Akazikata kamba, akakivuta kile kitambaa akitupe bondeni. Mkono ukamgandia hewani. Kilikuwa cha buluu, na buluu ile aliijua.

"Nyuzi hizi umezitoa wapi?" akauliza polepole.

"Nilifumua sweta lake."

"La nani?"

Alijua, lakini alitaka kusikia.

"La Mwadime," akasema Mkamburi.

Mzee Nyambu akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, akaufunika uso wake kwa kile kitambaa, akalia kwa sauti mbele ya watu wa soko wanaopita. Mkewe akaja, akamwondolea kitambaa usoni, akakaa naye jiwe lile lile. Wakalia pamoja. Hawakuwa wamelia pamoja tangu makaburini.

"Unakumbuka," mzee akasema baadaye, "alivyoingiza paka kanisani ndani ya sweta hili?"

"Na padre akasema mama mwenye mtoto anayelia atoke nje!"

"Ukatoka wewe!"

"Ningefanyaje? Paka alikuwa wangu!"

Wakacheka huku machozi yanawatiririka. Wakalitaja jina, wakalitaja tena, mpaka giaboksi ikapoa na wao hawana habari. Ndipo mzee akainuka, akapima oili, akafunga boneti, akamwekea mkewe kitambaa mapajani.

"Panda, Mama Mwadime," akasema. "Twende nyumbani."

Gari likaupanda mlima wote bila harufu, upepo ukiingia mdomoni mwake. Walipofika, Mama Mwadime hakufungua hata kilemba. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akakiondoa kile kitambaa cheupe. Picha ipo wazi hadi leo, na gari pia mnaliona likipita.

Kwa hiyo kesho mtarudi kwa yule mama, na msithubutu kumwambia anyamaze. Mwulizeni binti yake alipenda kula nini, na alikuwa akiimba wimbo gani akifua. Atalia. Mwacheni alie, nanyi lieni naye, nami nitakuwapo. Kipozacho hakifunikwi.