Fundi Umeme Aliyeuza Maandazi

Wapendwa, kaeni vizuri kidogo, msogeleane, niwasimulie habari ya mama mmoja. Tumwite Tusekile.

Tusekile alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo, katika usharika mmoja wa kule kwenye baridi. Usharika ule ulikuwa na moyo mzuri. Walitenga mfuko wa kuwasomesha akina mama katika chuo cha ufundi, na Tusekile alipoulizwa anataka kujifunza nini, akajibu, "Umeme." Watu walicheka, lakini walimlipia. Alipokuwa darasani, bibi mmoja msharika, Bibi Atuganile, alibaki na watoto wake, akawapikia uji na kuwaimbia mpaka walale.

Siku ya mahafali ilikuwa sherehe! Tusekile aliingia kanisani na ovaroli yake ya bluu, akina mama wakampigia vigelegele, wakamfunga vitenge mpaka akawa hawezi kutembea. Mchungaji akamwekea mikono. Nani hapo hakutokwa na machozi?

Basi Tusekile akarudi nyumbani, akasubiri kuitwa kazini.

Akasubiri. Mvua zikaja, zikaisha. Hakuna aliyebisha hodi. Watoto wanataka kula, kwa hiyo akawasha jiko la mkaa, akaanza kukaanga maandazi na kuyauza pale langoni mwa kanisa. Na washarika, jinsi walivyompenda, waliyanunua yote! Mwenye mgeni alichukua, mwenye kikao alichukua. Mliona wapi upendo kama huo?

Jumapili moja Bibi Atuganile akaja kununua, akamtazama usoni.

"Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Na ule umeme wako umeuacha?"

"Sijauacha, Bibi. Maandazi yangu mnayala. Umeme wangu ndio mnaouogopa."

 Bibi akasema polepole, "Juzi taa ya sebuleni kwangu ilizimika. Nikamwita fundi kutoka mjini."

"Najua. Nilimwona akiingia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Bibi? Mlinisomesha, mkaniombea, wewe ukanilelea wanangu. Nikidai na kazi juu yake, si nitaonekana sina shukrani?"

Bibi akamshika mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umejaa unga. "Mwanangu, sikukudharau hata kidogo. Niliogopa. Nilijiuliza, akipigwa na shoti kule darini, wale watoto nitawaambia nini? Nakupenda mno, ndiyo maana sikukuita."

Tusekile akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. "Bibi, mimi nimefundishwa kuzima umeme kabla sijaugusa. Kama mnanipenda, niacheni nipande."

Kesho yake akapanda darini kwa Bibi, maana yule fundi wa mjini alitengeneza taa ya sebuleni tu, kwingine akaacha giza. Bibi alisimama chini ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili, anasali kwa sauti. "Yesu, mshike! Tusekile, angalia mguu! Yesu, mshike!" Tusekile akamjibu kutoka darini, "Bibi, niombee taratibu, sisikii ninachofanya!" Baada ya muda jikoni kukawaka, barazani kukawaka, na hata chumba kilichokuwa hakijawahi kuwa na taa kikawaka.

Bibi hakukaa. Alijifunga kitenge akaenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa, waliokuwa kwenye kikao cha ujenzi wa darasa la shule ya Jumapili.

"Umeme wa darasa hili anafunga nani?"

"Tunatafuta mtu mwenye uzoefu, Mama," akajibu mwenyekiti kwa upole.

"Na huo uzoefu Tusekile akautafute wapi, ikiwa sisi tuliomsomesha ndio wa kwanza kumpita?"

Wazee wakatazamana. Wakakubali kumpa kazi. Tusekile alifunga umeme wa darasa lile, na baada ya hapo akaitwa shule ya kata, kisha zahanati. Siku hizi maandazi anakaanga akitaka tu, kwa ajili ya wanawe.

Wapendwa, sisi tunatoa. Nawaona mnavyotoa, na Mungu anawaona. Tumesomesha mabinti, tumewanunulia akina mama vyerehani, tumewapeleka vijana useremala. Siku ya mahafali tunapiga makofi mpaka mikono inauma. Lakini Jumatatu je? Nguo ya harusi unaipeleka kwa nani? Kitanda unamwagiza nani? Inawezekana kabisa kumpenda mtu, kumlipia, kumwombea, na bado kumwacha na njaa, kwa sababu hatujaamini kwamba kile tulichomwombea amekwisha kupewa.

Kwa hiyo leo sitaomba mchango. Ibada ikiisha, msikimbilie nyumbani. Mgeukie aliyekaa karibu nawe, umwulize, "Wewe kanisa lilikusomesha kazi gani?" Akishakujibu, usimwambie hongera. Mwambie aje kwako siku gani.