Majivu Kwenye Kinywa cha Mashine

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, palikuwa na vilima vya chai ambako mvua ya mawe ilikuja kila masika. Iliwahi kuchuma kabla ya wenyewe. Ikishapita, mwenye shamba alikuta vijiti vitupu na majani yamechanika chini.

Kiwanda kilichonunua chai kikachoka. Kikasema: "Watu wa chuo wanadhani mawe yanaanzia kwenye matawi mnayopogoa na kuyaacha yaoze chini ya michai. Vimelea vya majani hayo hupanda na upepo hadi mawinguni, na tone la maji likikutana na kimelea huganda upesi. Mkithibitisha, tutaleta malori tuyazoe. Msipothibitisha, mashamba ya juu tunayaacha. Gari letu halitapanda tena huko."

Shamba la juu kabisa lilikuwa la Bibi Nyambilila. Hakuwa na jingine.

Chuo kikamtuma Tusajigwe, msichana aliyekuwa akimalizia masomo, mtu wa kukagua kila kitu mara mbili na bado asipate usingizi. Alikuja na mashine ya kufyonza hewa. Hewa iliingia kwa kinywa cha bati, ikapita kwenye chupa ya maji safi, na vilivyokuwa hewani vikabaki majini. Akaisimika uani kwa Bibi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na uzio wa kuzuia mbuzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hili dude linakula nini?"

Tusajigwe alifikiria vimelea, mawingu, kuganda. Akaona maelezo ni marefu. "Linapima hali ya hewa tu, Bibi."

"Basi lipime vizuri. Redio imetudanganya vya kutosha."

Masika yakakaribia kwisha bila mawe. Tusajigwe akaomba yaje, kisha akaona aibu kwa kuomba hivyo. Yakaja, mara moja tu. Bibi akafanya alivyofanya mama yake: akajifunika ungo kichwani, akachota majivu jikoni, akayarusha juu kulielekea wingu ili mawe yageuke. Akaiona mashine inavyopigwa, akaihurumia. Akarusha majivu mengi pale kuliko kwenye chai yake mwenyewe.

Mashine ikafyonza.

Chupa ikapelekwa kwa Ambakisye, fundi wa maabara ndogo ambayo chuo kilifungua katika darasa la shule. Alikuwa na kipande cha kioo, kikubwa kama kadi ya benki, chenye vifereji vyembamba kama unywele. Humo maji yalikatwa kuwa matone madogo mno, mafuta yakayatenganisha, yakapita kwa foleni penye baridi, naye akitazama kwa darubini lipi linaganda. Maji matupu huchelewa sana kuganda. Haya yaliwahi. Yaligeuka meupe moja baada ya jingine. Ambakisye akafurahi, akapitisha chupa nzima.

Siku ya mkutano wa kukipa kiwanda jibu, wakulima wakajaa kwenye banda la kupimia chai. Bibi akapita kwanza darasani, akasalimu, akauliza: "Dude langu halikuumia? Nililikinga kwa majivu mpaka mafiga yakabaki matupu."

Tusajigwe akakaa chini. "Bibi, hata majivu huweza kugandisha tone. Sasa hatujui kilichogandisha ni majani au ni jiko lako."

"Basi rudieni."

"Maji yamekwisha. Mvua imekwisha. Mashine inarudi kwa wenyewe leo." Akamgeukia fundi. "Kaka Ambakisye, kwa nini hukuyagawa? Fungu moja ungelichemsha. Kimelea kikichemshwa hupoteza nguvu ya kugandisha. Majivu hayajali moto, yametoka huko. Tungejua. Na maji uliyaona ya kijivu."

"Niliyaona. Nikadhani ni vumbi la barabara. Chupa ilikuwa ndogo, dada. Ningegawa, matone yasingetosha kuaminika. Aliyejua habari ya majivu ni Bibi. Aliyepaswa kumwuliza ni wewe."

"Majivu niliyajua," Bibi akasema. "Chupa sikuijua. Mimi nikiletewa mgeni nauliza anakula nini. Nilikuuliza, mjukuu wangu. Ungeniambia linakula upepo, nisingelilisha majivu."

"Niliogopa mtasema nimekuja kuilaumu chai yenu." Sauti ya Tusajigwe ilikuwa ndogo. "Na kama ningekuambia, Bibi, mawe yalipoanza ungeacha kurusha?"

Bibi hakumficha.

"Kwenye mashine, ningeacha. Kwenye chai yangu, nisingeacha."

"Na upepo ungeyaleta majivu hadi kwenye mashine," Ambakisye akasema.

"Ndiyo. Ungeyaleta."

Katibu wa wakulima akachungulia mlangoni. "Bwana wa kiwanda ameshafika. Watu wanataka jibu. Nani anasimama?"

Gari halitapanda tena. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini lazima mmoja aingie bandani aseme kwamba jibu lilikuwepo na limepotea, na huyo ndiye ambaye vilima vyote vitamtaja kila michai ya juu itakapoonekana imegeuka pori. Tusajigwe aliyejua na hakueleza. Bibi aliyekinga na akaharibu. Ambakisye aliyeona kijivu na hakugawa.

Je, ninyi mnaonisikiliza, nani alistahili kusimama?