Nyumba ya Bi Tatu na Vumbi la Breki

Hapo zamani, ila si zamani sana kwa kuwa malori yalikwisha kuanza kuja, palikuwa na mji chini ya mlima ukiitwa Mteremkoni. Barabara ilishuka kwa kona kumi na moja, na kona ya mwisho ilipita katikati ya mji. Watu wa hapo walikohoa. Walikohoa sokoni, walikohoa msikitini, hata bwana harusi alikohoa alipoulizwa kama amekubali. Wakasema ni moshi. Wakasema ni baridi. Wakanywa tangawizi. Tangawizi ikaisha, kikohozi kisiishe.

Kila kiangazi wanawake walianika makopa ya muhogo kandokando ya barabara. Yaliwekwa juani yakiwa meupe, yakaanuliwa yakiwa na vumbi jeusi. Vumbi lile lile ndilo lililoingia vifuani mwa watu.

Nyumba moja tu haikufikiwa na vumbi hilo. Ilikuwa juu kilimani, ambako upepo ulitoka msituni, nayo ilikuwa na chumba kimoja. Mwenyewe, Bi Tatu, alikuwa anajiandaa kuhamia kwa mwanawe, mbali. Akatangaza: "Nitaondoka kiangazi kikiisha. Atakayefanya makopa yaanikwe wiki nzima na kuanuliwa meupe, nyumba hii ni yake."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Mashavu, muuza makopa. Alitoa sumaku kwenye redio mbovu, akaizungushia kitambaa, akaipitisha juu ya mkeka wake mbele ya soko zima. Vumbi likairukia sumaku. "Moshi haunaswi na sumaku," akasema. "Hiki ni chuma. Kinatoka kwenye breki za malori." Akawaonyesha: kwenye kona ni kingi, na karibu na gereji ya Fundi Chengo ni kingi zaidi. Watu wakaacha tangawizi, wakaanza kutazama magurudumu.

Wa pili alikuwa Mbaruku, dereva. Madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Wakifika kileleni hutoa gia, lori likajiendea lenyewe huku wakilishika kwa breki kona zote kumi na moja. Dizeli iliyobaki hupelekwa nyumbani kwa dumu, na breki husagika zikawa unga. Mbaruku akaanza kushuka na gia ya pili, injini ikilizuia lori. Akajaza upepo matairi. Akakataa mzigo wa kuzidisha, ili tairi zisisuguliwe bure na lami. Akawa anafika wa mwisho kila siku, na wenzake wakamuuliza kama lori alikuwa akilisukuma. Tajiri wake akampokonya lori zuri, akampa bovu. Lakini baada ya miezi miwili breki zake zilikuwa nzima na za wenzake zimekwisha. Wakamfuata, si kwa kuwahurumia watu, bali kwa kuzihurumia breki.

Wa tatu alikuwa Fundi Chengo. Mafundi nao walikuwa na desturi. Gurudumu likifunguliwa, breki hupulizwa kwa mashine ya upepo, pfuu! Wingu jeusi likifunika mtaa, mteja huridhika kwamba kazi imefanyika. Chengo akaizima mashine. Akawa anafuta breki kwa kitambaa kibichi, kisha anakikamulia kwenye pipa lenye kifuniko. Wateja wakasema fundi amezeeka, nusu yao wakahama.

Kiangazi kikaisha. Makopa yakaanuliwa. Hayakuwa meupe kama maziwa, maana tairi hazina budi kusuguana na barabara, lakini yalikuwa meupe. Kikohozi kikapungua, hakikwisha. Wote watatu wakapanda kwa Bi Tatu.

Mashavu akasema, "Bila mimi mngekuwa mnakunywa tangawizi mpaka leo. Mama yangu halali chali, analala ameketi. Nyumba ni yangu."

Mbaruku akasema, "Kujua vumbi si kulipunguza, dada. Mimi nimelizuia lisitoke kabisa. Mtoto wangu ana siku arubaini, na ameshaanza kukohoa. Nyumba ni yangu."

Chengo akakohoa kwanza, kisha akasema, "Mimi simwombei mama wala mtoto. Kifua hiki kibovu ni changu. Nyumba ni yangu."

"Kimeharibiwa na nani?" Mbaruku akamdaka. "Si wewe uliyetupulizia miaka ishirini?"

"Na wewe? Miaka kumi umeshuka bila gia! Yale madumu ya dizeli uani kwako yalitoka wapi?"

"Mnaona, Bi Tatu?" akasema Mashavu. "Mwenye mikono safi ni mmoja."

Chengo akamgeukia taratibu. "Mashavu, hebu tuambie. Hiyo sumaku uliijaribu lini mara ya kwanza?"

Mashavu akatazama chini. "Kiangazi cha mwaka jana."

"Ukanyamaza mwaka mzima?"

"Madereva ndio wanunuzi wangu. Nilipangusa makopa, nikawauzia."

Bi Tatu akasema kwa sauti ndogo, "Ndani ya mwaka huo, kiangazi hiki kikikaribia, ndipo nilipomzika mume wangu. Kwa kifua. Alikuwa akishinda kule chini sokoni."

"Najua, bibi," akasema Mashavu, na machozi yakamtoka. "Nilikuja msibani. Niliporudi nyumbani sikuweza kunyamaza tena."

Gari la kumchukua Bi Tatu lilikuwa limekwisha kufika, na dereva wake alikuwa akipiga honi. Bi Tatu akafunga mlango, akasimama na ufunguo mkononi. Akamtazama aliyelijua vumbi akalificha kisha akalitaja. Akamtazama aliyelisaga miaka kumi kisha akalizuia kwa hasara yake. Akamtazama aliyelipuliza miaka ishirini, akaliacha, na sasa linamuua. Ufunguo mmoja, chumba kimoja, na wawili watarudi chini.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, msinitazame mimi, mimi sina nyumba ya kugawa. Je, mngekuwa nyinyi Bi Tatu, ufunguo mngempa nani?