Kwa Nini Mto Sengo Umepinda

Nyinyi mnaocheka eti mto Sengo ulilewa ukapinda, sikilizeni kwanza. Zamani ulikuwa umenyooka, na haukuwa mpaka wa mtu. Wazee wetu walilima ng'ambo zote mbili na kuzika walikotaka.

Kisha watawala wawili, wa milimani na wa bondeni, wakachoka kupigana. Wakaapa kwamba mto ndio mpaka; kuanzia masika yajayo, atakayeuvuka auawe. Wakala kondoo wa kiapo, wakaenda zao.

Nakiete, mjane, aliishi upande wa milimani. Mwanawe wa pekee, Mbonea, alizikwa upande wa bondeni, hatua ishirini tu kutoka ukingoni. Kila asubuhi mama huyo alivuka akamwaga maji kaburini na kumpa habari za nyumbani. Sasa hilo nalo ananyang'anywa.

"Mfukue umhamishe," jirani yake, mzee Senzota, alimshauri.

"Mwanangu ameshapumzika. Simwamshi."

Nakiete alikuwa binti wa wachimba mifereji, na kazi ya maji aliijua tangu utotoni. Akachukua jembe, akaanza kuchimba nyuma ya kaburi, ili mto upite huko na Mbonea abaki upande wake. Kiangazi kizima alichimba peke yake, viganja vikachubuka vikatoa damu.

Senzota alimtazama, akatikisa kichwa. "Mama Mbonea, mfereji una mlango wa kuzuia maji. Huu mto utaufungia wapi?"

Nakiete akazidi kuchimba. Masika yakaja, maji yakaingia alikoyachimbia, na Nakiete akaketi kando ya kaburi akilia kwa furaha. Lakini maji hayakuuacha mkondo wa zamani. Yalipita kote kuwili, kaburi likiwa katikati, yakila udongo kulia na kushoto. Akayazuia kwa jembe, kwa mawe, mwisho kwa mwili wake. Senzota alimvuta kwa nguvu, la sivyo naye angekwenda na maji.

Mafuriko yalipopungua, mto ulibaki kwenye mkondo mpya, kama alivyotaka. Ardhi ikawa ya upande wake. Kaburi halikuwepo, wala mfupa.

Na tangu siku hiyo Sengo hupinda pale, na mpaka hupinda nao. Kipande kile ni chetu, hakuna anayekigombea na hakuna anayekilima. Nakiete alikwenda kila asubuhi hadi kufa kwake, akamwaga maji, lakini habari za nyumbani hakuzisema tena.