Utitiri Alivyolea Mayai ya Funza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Chini ya kitunguu!

Basi chuchumaeni, maana hadithi hii imetokea chini, na mimi nikifika mwisho wake huwa nasikitika.

Hapo kale, Bi Nakijwa wa milima ya Upare alipanda tuta la vitunguu kwa ajili ya pilau ya harusi ya bintiye. Akalitia mbolea ya kuku, akalifunika kwa majani makavu. Chini ya majani akahamia Funza, mnene, mweupe, mlafi. Asubuhi akala mizizi, karu karu karu. Jioni akala mizizi, karu karu karu.

Jirani yake alikuwa Utitiri wa udongoni, mdogo kuliko chembe ya chumvi. Huyu hali mizizi, hula wadudu. Lakini Funza alimshinda: kila akimng'ata, ngozi ngumu. Utitiri akaona nguvu hana, ila ulimi anao. Akaenda, tii tii tii.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Nimeona mayai ya mama yako Nzi yamejaa hapa. Yakianguliwa, wadogo zako watakula nini?"

Funza akaacha kutafuna. "Mizizi."

"Mizizi ya nani?"

"Yangu!" akafoka Funza. "Sasa nifanyeje?"

"Nipe mimi niyalee. Nikiyalea mimi, hutasikia mtoto akilia."

Akafurahi, mlafi yule! Akamwonyesha mayai ya huku. Utitiri akaita ndugu zake, wakayafyonza, fyo fyo fyo. Akamwonyesha mayai ya kule. Wakayafyonza, fyo fyo fyo. Kweli, hakulia mtoto. Funza akala peke yake mpaka akavimba, akashindwa kujificha, jogoo akamdonoa, kwa! Vitunguu vikapumua, vikaanza kunenepa.

Laiti Utitiri angenyamaza! Lakini mshindi hanyamazi. Akatoka na ukoo wake wote, wakapanda juu ya majani mchana kweupe, wakacheza ngoma, tii tii tii. Bi Nakijwa akaja kupalilia, akawaona. Naye alikuwa anajikuna tangu alfajiri, kwa sababu banda lake la kuku lilikuwa na utitiri wanaonyonya damu.

"Kumbe mmenifuata mpaka shambani!" akasema. Akawafanyia kama wanavyofanyiwa wale wa bandani: akakusanya majani yote akayachoma, akachemsha sufuria la maji, akamwaga katikati ya mistari.

"Mama, sisi si wale, sisi ni—"

Shwaaa!

Jamani, hapa roho huniuma. Sauti ndogo vile nani angeisikia?

Nzi akaja, vuuu, akataga. Mayai yakaanguliwa yote, maana yaya hakuwepo. Karu karu karu. Harusi ikakaribia. Bi Nakijwa akang'oa kitunguu, kimeoza. Akang'oa kingine, kimeoza. Akakaa pale pale tutani.

"Na wadudu wote niliwaua," akasema, "mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Bintiye akaolewa kwa wali mweupe.

Hadithi yangu imeishia tutani. Anayetaka kitunguu akanunue sokoni. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiona kidogo kinakimbia, kimwagie maji ya moto kwanza, jina lake utauliza baadaye. Bi Nakijwa bado anauliza.